Wagonjwa wa Kaporali

Kaporali hakuwahi kuning'iniza bunduki begani. Alizibeba kwa mikono miwili, zimelala, kitako kwenye kiwiko cha kulia na mdomo ukiangalia chini, namna mama anavyombeba mtoto aliyepitiwa na usingizi kanisani. Watu wa Kilibula, mtaa wetu wa Uvira, walimcheka kwa hilo. Mimi pia nilimcheka, tena mbele yake, maana sikujaliwa ulimi wa kukaa kimya, na yeye hakunikasirikia. Alinitazama juu ya miwani yake iliyopasuka kioo kimoja, akasema, "Mama Feza, hawabebake mugonjwa na mukanda." Kisha akaingia ndani na bunduki yake, akafunga mlango kwa kisigino.

Alikuwa jirani yetu. Ua wake na wetu ulitenganishwa na matete tu, na matete hayazuii sauti wala harufu. Nilipoolewa Kilibula nilimkuta pale na mkewe, Mama Donati, na mtoto wao mmoja. Alikuwa muuguzi katika zahanati ya kiwanda cha pamba, kiwanda hichohicho ambamo mume wangu alikuwa akifunga marobota. Cheo cha kaporali alikipata jeshini. Wakati wa vita vya wazungu, Wabelgiji walimchukua pamoja na wenzake kuwa wauguzi, wakawavusha bahari mpaka Birmani, kule Waingereza walikokuwa wakipigana na Wajapani. Huko hakupiga risasi. Kazi yake ilikuwa machela: kwenda mbele na machela tupu, kurudi nyuma na machela iliyojaa.

Siku moja machela yake ilirudi na Mjapani. Hili alinisimulia mara nyingi, na kila mara kwa maneno yaleyale, kama mtu anayesoma misa. Wenzake walimwambia amwache msituni, adui huyo. Yeye akambeba. Njiani yule mtu alishika ukosi wa shati lake, hakuuachia mpaka alipokata roho mlangoni mwa hema la daktari. Walipoushusha mwili wakakuta bunduki imelala chini yake, kwenye turubai lilelile. Kaporali aliuliza ni nani wa kupewa. Hakuna aliyejua. Mwingereza mmoja akamwambia, ichukue wewe, ukumbusho. Neno hilo la ukumbusho lilimkera mpaka uzeeni. Alisema yeye hakupewa ukumbusho, aliachiwa mali ya mtu, na mali ya mtu ina mwenyewe.

"Mwenyewe atakuja," alikuwa akisema. Nilimuuliza ni Mjapani gani atakayepanda milima ya Birmani, avuke bahari, ashuke hapa Uvira kuuliza bunduki ya marehemu. Akanijibu, "Mbona minye nilifika kule kwao?"

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Kulikuwa na nyingine zilizoletwa na wauguzi wenzake waliorudi nazo kama yeye, wakatawanyika nazo pwani yote ya ziwa na milimani. Kaporali aliposikia jinsi zinavyotunzwa huko zilikokwenda, hakulala vizuri tena. Mmoja wa Makobola alikuwa ameisimika yake mchangani kuwa mti wa kuanikia nyavu. Mwingine, kule juu Mulenge, aliifanya komeo la zizi la ng'ombe. Mjane mmoja alikuwa akitwangia sombe, majani ya muhogo, kwa kitako cha bunduki ya mumewe, na kwa kweli sombe yake ilisifiwa. Kaporali alizifuata moja moja, miaka na miaka, likizo baada ya likizo. Alizibadilisha kwa mbuzi, kwa blanketi, kwa kumtibu mwenye nyumba kidonda kilichoshindikana. Kwa yule mjane alipeleka kinu kipya na mchi wa mti mgumu, akakaa siku nzima akimbembeleza.

Na kila alipokwenda kuchukua moja, alikwenda na machela. Hapa ndipo mume wangu alipokuwa akirudi nyumbani akicheka na kukasirika kwa wakati mmoja, maana yeye alikuwa mmoja wa wabebaji. Kwetu, machela ikipita njiani, watu wote hutoka pembeni. Mwanamume huvua kofia. Asiye na haraka huingiza bega chini ya mti na kusaidia kubeba mpaka mtaa unaofuata, bila kuombwa, na hapana anayeinua shuka kuangalia aliyelala chini yake. Basi ile bunduki ya Mulenge ilishuka milimani ikiwa imefunikwa blanketi, ikipokezanwa mabegani na wachungaji waliokuwa wakiiambia pole. Mzee mmoja alibeba mlima mzima huku akihema. Mwishoni aliuliza mgonjwa anaumwa nini. Kaporali akamjibu, "Vita." Mzee akatikisa kichwa, akasema hiyo haina dawa, akarudi kwa ng'ombe wake.

Zikafika tano. Alizilaza katika chumba cha nyuma juu ya kitanda kirefu cha mianzi, kila moja na kitambaa chake, akaziita wagonjwa. Jumapili baada ya misa alizipaka mafuta. Mwanzoni alitumia mawese, siafu wakaja. Akahamia siagi ya ng'ombe iliyoteremshwa kutoka milimani, na tangu hapo nyumba yake ikanuka maziwa yaliyochacha. Mama Donati alilalamika juu ya matete, "Sikia, mama. Bunduki zinakula siagi, minye nakula sombe kavu." Lakini ni yeye aliyekuwa akifua vile vitambaa.

Juu ya chuma cha kila bunduki palichongwa ua dogo lenye majani mengi, duara kama jua, ndiyo sababu watu waliziita bunduki za ua. Kwenye mbao za bunduki mbili palikuwa pamekwanguliwa maandishi kwa ncha ya kisu. Moja alimpelekea Mwarabu mwenye duka amsomee. Mwarabu akaigeuza juu chini, akavaa miwani, akavua miwani, akasema bila shaka hiyo ni bei. Kaporali hakumsalimia tena mwaka mzima. Risasi za bunduki hizo hazikuwapo Kongo nzima. Tundu la kila moja lilikuwa la kipimo kingine kabisa. Kwa ajili hiyo msimamizi wa Kibelgiji alipokuja kuzikagua alicheka, akamwachia.

Sasa sikilizeni, mtu huyu alichukia bunduki. Sijawahi kumwona mtu aliyezichukia hivyo. Askari akipita na yake barabarani, yeye aligeuza uso kama mtu aliyeona kitu cha aibu. Watoto wakicheza vita kwa vijiti vya muhogo aliwanyang'anya na kuvivunja, tena akawapiga navyo. Akiwa na mwenye jeraha, mikono yake ilikuwa mepesi, utadhani hakugusi. Lakini ukimwendea na kichwa kinauma, mzima wa afya, alikupa ndoo akakutuma mtoni. Alipenda medali yake kupita kiasi. Aliivaa hata akienda kununua mikeke, samaki wa ziwani, kwa wavuvi, na wavuvi wakamwuzia ghali kwa sababu hiyo.

Na alikuwa na mtoto mmoja ambaye hakumruhusu kuzigusa. Donati alikua kando ya chumba kile kama mtu mwenye kaka watano wasiosema. Baba yake alimfundisha kufunga bendeji, kuosha kidonda, kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Chumba cha nyuma alimfungia, asiingie. Donati alipokuwa mkubwa, amekwisha kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akinitania uani, "Mama Feza, Papa anapenda wale kaka zangu kuliko minye." Alisema akicheka. Mimi nilimwona Mama Donati akiacha kupepeta mchele.

Uhuru ulipokuja, vijana wa chama walimfuata Kaporali. Walitaka atangulie mbele ya maandamano na bunduki zake, watu waone kwamba Mkongo naye alikwenda kupigana ng'ambo ya dunia. Alikubali, na sote tukashangaa. Siku yenyewe alitokea na medali, amenyoosha suruali, na nyuma yake machela iliyobebwa na watu wanne, imefunikwa shuka jeupe. Akatembea polepole katikati ya barabara. Ngoma za mbele zikanyamaza. Wanaume wakavua kofia walizokuwa wamepewa na chama. Mwanamke mmoja, akidhani ni maiti ya mtu aliyeuawa na wazungu, akapiga yowe, na wengine wakadakia, mpaka sherehe ikageuka msiba na kiongozi wa chama akasahau hotuba yake. Walimkemea sana. Yeye aliwaambia, "Mulisema nizilete. Minye nazileta vile nazileta." Nilicheka siku hiyo mpaka nikakaa chini. Sasa nikikumbuka sicheki.

Uasi ulitufikia baada ya uhuru, miaka si mingi. Ulishuka kutoka bonde la Ruzizi. Askari wa serikali walikimbia wakiacha viatu, na vijana wakaingia mjini wamejifunga majani vichwani, wamekunywa dawa yao, wanasema risasi kwao ni maji. Dawa hiyo ilikuwa na miiko mingi. Usishikane mkono na asiyeinywa. Usitazame nyuma. Usiguse kitu cha maiti. Nusu ya vijana wa Kilibula waliinywa, na Donati mmojawapo. Simlaumu. Shule zilikuwa zimefungwa, mishahara haikuja, na kijana aliyebaki nyumbani aliitwa msaliti.

Asubuhi moja nilikuwa nikiosha sufuria, nikawasikia ng'ambo ya matete.

"Papa, niko naomba bunduki moya. Moya tu."

"Haiko na risasi."

"Adui hajue kama haiko na risasi."

"Hiyo njo mubaya. Atakuona na bunduki, atakupiga wa kwanza. Minye niliwabeba, Donati. Wenye bunduki ndio tulikuwa tunaokota wa kwanza."

"Wenye mikuki wanawatuma mbele. Ukiwa na bunduki unakaa karibu na kamanda. Unataka nikufe na mukuki?"

"Sitaki ukufe na kitu yoyote. Baki hapa."

"Siwezi baki. Bote wananiona."

Kisha Kaporali akasema, "Hizi haziko zangu, mutoto wangu. Ziko na wenyewe."

"Na minye?" Donati akauliza. "Minye niko wa nani?"

Niliacha kuosha ile sufuria. Nilingoja jibu, na mama yake jikoni naye alikuwa akingoja. Mtu yeyote angejibu. Mjinga angejibu. Kaporali aliyejua kumtuliza mgeni anayekufa, asiyejua lugha yake, hakupata neno la kumpa mwanawe wa kumzaa. Nilimsikia akisema tu, "Chukua mufuko yangu ya dawa, utawafunga vidonda." Donati hakuuchukua. Alitoka, akapita mbele ya mlango wangu na mkuki wake, hakunisalimia. Nilimkasirikia Kaporali siku ile kwa hasira ambayo haijaniisha, ingawa baadaye nilikuja kujua kwamba kuhusu bunduki alikuwa na haki.

Siku chache baadaye kamanda wa vijana alikuja mwenyewe kuzichukua, na Donati akiwa katikati ya wenzake, macho chini. Kaporali aliwafungulia chumba. Aliwaonyesha kitanda cha mianzi, akavua vitambaa kimoja kimoja, akawaambia ukweli: hii ilitoka chini ya maiti, hii mwenyewe alifia juu yake, hii damu yake ilikuwa haijakauka ilipookotwa. "Chukueni," alisema. "Lakini mujue ni vitu vya wafu." Vijana wakatazamana. Kamanda akarudi nyuma hatua moja, akafuta mikono kwenye ngozi aliyovaa ingawa hakuwa amegusa kitu. Waliondoka bila hata moja. Walipofika barabarani nikawasikia wakimcheka Donati, wanamwita mtoto wa mlinda makaburi. Ndiyo mara ya mwisho mama yake kumwona.

Serikali ilirudi na wazungu wa kukodiwa, kwa njia ya ziwa na kwa njia ya nchi kavu. Waasi wakapanda milimani, wengine wakateremka kuelekea Fizi. Juu ya Donati tulipata habari za kila namna. Amekufa juu ya Makobola. Ameonekana Baraka. Amevuka ziwa. Wakati huohuo msako ulianza mtaani, nyumba kwa nyumba. Kwa jirani yetu wa chini waliokota ganda moja la risasi alilokuwa akichezea mtoto, wakachoma nyumba, wakamchukua baba yake. Na kila mtu Uvira alijua nani ana bunduki tano chumba cha nyuma na mtoto msituni.

Nilimwendea. Mume wangu alinikataza, nikaenda. Nikamwambia, "Papa Kaporali, zitupe ziwani leo. Utatuua sisi wote." Alikuwa amekaa ukingoni mwa kile kitanda. Akasema, "Nikizitupa, mwenyewe akija nitamwambia nini?" Nilitaka kumpiga. Kisha akainua kichwa, akaniomba mkeka.

Mtu wa kwetu akipotelea mbali na mwili wake usipatikane, ndugu hukata mgomba. Huuvika nguo za marehemu, huuviringisha mkekani, huulilia na kuuzika kama mtu. Mapadri hawaipendi desturi hii, ila hugeukia upande mwingine. Na ukishazikwa kwa mgomba umezikwa. Hata ukitokea kesho yake mzima, hupokelewi mlangoni, huli sahani moja na ndugu zako, watoto wanakukimbia. Nimemwona mtu wa namna hiyo sokoni Kalundu, mtu mzima, mvuvi hodari. Alikuwa akila peke yake.

Nilipoelewa anataka mkeka kwa ajili ya nini, nilimwambia huwezi kumzika mtoto ambaye huna hakika. Akanijibu kwa sauti ya chini, akiwa na furaha kabisa, jambo lililonitisha, "Simuzike, Mama Feza. Sitaweka mugomba. Kama mugomba haiko ndani, yeye haiko mufu. Serikali itaacha kumutafuta, na akirudi nitamwambia: ingia, haukuzikwa." Alikuwa amelifikiria pande zote. Watu wasipojua kilichomo, watalia. Na Mama Donati naye asijue, kwa sababu uso wake haujui kudanganya.

Nilitoa mkeka. Mama Donati alikuwa mtoni. Tulizilaza bunduki zote tano mkekani kwa kupishana, tukazivika shati la Donati na suruali yake ya shuleni, nikafunga mafundo kwa mikono hii. Ule mzigo ulifikia urefu wa mtu hasa. Mkewe aliporudi na maji, Kaporali alimwambia mbele ya watu kwamba habari ya kifo imehakikishwa na mgomba umekwisha kukatwa. Sitaki kueleza sauti aliyoitoa.

Tulikuta askari njia ya makaburini. Sajini alinyoosha mkono, wabebaji wakasimama.

"Nani huyu?"

"Ni mutoto wangu," Kaporali akasema.

"Alikuwa muasi?"

"Alikuwa mutoto wangu."

Sajini aliangalia ile medali. Akauliza kwa nini maiti hainuki. Mmoja wa wazee akamweleza juu ya mgomba, naye sajini, mtu wa mbali, hakuamini. Akaamuru machela ishushwe. Ikashushwa. Akauegemeza mdomo wa bunduki yake kwenye fundo la juu, fundo nililolifunga mimi, akaanza kulisukuma.

Hapo Mama Donati alijitupa juu ya mkeka. Alijitupa kwa mwili wote, akaukumbatia, shavu limebanwa pale ambapo pangekuwa kifua. Nami niliyekuwa karibu naye nikauona uso wake ukibadilika. Aliyasikia machuma. Mikono yake ikapapasa mara moja, chini ya shati la mwanawe, ikasimama. Akafumbua macho akamtazama mumewe. Kisha akayafumba, akalia kuliko alivyolia mwanzo, akimwita Donati kwa jina la utotoni, na hakuubandua mwili wake pale mpaka sajini alipovua kofia akatuambia tupite.

Alituokoa sote. Tuliporudi nyumbani aliketi uani, akamwuliza mumewe jambo moja tu, "Mutoto wangu iko wapi?" Kaporali alisema hajui. Kutoka siku hiyo alimpikia, alimfulia, na hakumsemesha tena. Mvua mbili hazikupita, akafa. Nilimwosha mimi. Kaporali alikaa nje ya mlango tangu mwanzo mpaka mwisho, na nilipotoka aliniuliza kama alikuwa amesema kitu. Nilimwambia hapana, maana ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya hapo sikumsikia tena akiwataja wagonjwa wake. Aliendelea na zahanati mpaka macho yalipofifia. Kila kiangazi alifunga kifurushi chake, akapanda mtumbwi wa injini pale Kalundu, akapotea wiki moja au zaidi. Tulidhani anakwenda kwa ndugu wa mkewe.

Miaka ilipita mingi. Mume wangu alikufa, nikaanza biashara ya mawese, na biashara ikanifikisha Rumonge, ng'ambo ya ziwa, kwa Warundi. Watu wetu waliokimbia uasi wamejaa kule. Asubuhi moja, sokoni, nikamwona mzee ameketi juu ya sanduku la sabuni mbele ya duka dogo, mgongo umenyooka, medali kifuani. Nilimwita. Alinitambua kwa sauti.

Alinisimulia palepale, kwa maneno yaleyale ya mtu anayesoma misa. Donati yu hai. Askari walimkamata kule juu pamoja na wenzake wenye bunduki. Waliokuwa nazo walipigwa risasi pale pale, na yeye, ambaye mkuki wake ulikuwa umevunjika, wakamwona mikono mitupu wakadhani ni mkimbizi. Akavuka. Akafungua duka. Kaporali alipopata habari hizo alikwenda mbio, furaha imemjaa, kumwambia aingie nyumbani, hakuzikwa, kaburini hamna mgomba.

"Akaniuliza kuna nini," alisema. "Nikamwambia."

"Akasema nini?"

Magari yalipita. "Alisema: nilipokuwa hai ulininyima moya. Nilipokufa ukanipa zote tano."

Tangu siku hiyo kila Donati alipomwona sokoni aliondoka kwa mlango wa nyuma, hakurudi mpaka mzee avuke ziwa. Kaporali alikuja hata hivyo. Alikaa juu ya sanduku, akanunua kipande cha sabuni, akaangalia watoto wa Donati wanavyokua. Nilimwuliza kama aliwahi kumweleza kwamba kunyimwa kule ndiko kulikomwokoa. Akasema, "Aliniuliza yeye ni wa nani. Hakuniuliza juu ya risasi."

Mwenye kuuza alikuwa mke wa Donati, mwanamke mnene, mchangamfu, mtoto mgongoni. Alikuwa amemzoea mzee huyu wa kila kiangazi. Alituletea maji ya kunywa, akatupokea kwa mikono miwili.

"Mama naye ametoka Uvira?" akaniuliza. "Mume wangu ni mtu wa huko huko."

"Baba yake yuko?" Kaporali akamwuliza. Sijui kwa nini aliuliza. Nadhani hakuwahi kuthubutu mpaka siku hiyo aliponiona.

"Hapana, mzee. Alikufa vitani. Na mama yake pia. Hakubaki mtu."

"Alikuwa muntu gani, ule baba yake?"

Mwanamke alifikiri, akimpandisha mtoto mgongoni. "Kwa kweli sijui. Hamtaji. Siku moja tu aliniambia baba yake alikuwa anapenda bunduki."

Nilifungua mdomo. Kaporali aliweka mkono wake juu ya wangu, mwepesi kama alivyokuwa akimgusa mwenye jeraha, nikaufunga.

"Umupatie mume wako pole," alisema. "Mwambie kuna muzee wa Uvira amemupa pole juu ya baba yake."

Mwanamke alimshukuru, akasema atamwambia akirudi.